Mtenda na Mtendwa katika Habari za Rufiji

Mwanzoni mwa Agosti 1905, huko Mohoro, kusini ya mahali Mto Rufiji unapogawanyika kuingia baharini, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi katika Kiswahili, na ikigeuzwa kuwa Kiingereza haipati kosa jipya njiani. Ina mwezi na mwaka, ina mahali, ina jina la aliyekufa. Lakini msomaji akiirudia mara ya pili ataona kwamba ndani yake kamba imejifunga yenyewe shingoni mwa mtu. Aliyehukumu hayumo, aliyetoa amri hayumo, aliyevuta hayumo. Nimekutana na sentensi hiyo, kwa maneno hayo au yaliyo jirani nayo, katika vitabu na katika insha za wanafunzi wanaoandika historia kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu niliipitisha bila ya kuitia alama. Leo nataka kuisimamisha na kuihoji.

Wanafunzi wetu wanapofundishwa kuandika Kiingereza hupewa mashauri mengi, na moja katika hayo ni kwamba kauli ya kutenda ni bora kuliko kauli ya kutendwa. Aghalabu shauri hilo hutolewa kama jambo la usafi wa maandishi, sawa na kuambiwa kuacha nafasi pembezoni mwa karatasi. Sababu inayotajwa ni wepesi: sentensi itakuwa fupi, nayo itakuwa na nguvu. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba shauri hilo lina historia, wala kwamba historia hiyo inahusiana na watu waliotawaliwa kwa karatasi, na watu wa Rufiji wakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo wengine hulifuata bila ya kulipima, na wengine huliacha bila ya kujuta.

Historia yenyewe si ndefu. Alexander Bain, mwalimu wa Aberdeen, alitoa mwaka 1866 kitabu cha kufundisha insha ya Kiingereza, na ndani yake aliweka kanuni za aya: aya iwe na jambo moja, na sentensi yake ya kwanza ilidokeze jambo hilo wazi. Mwaka 1918 William Strunk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwapa wanafunzi wake kijitabu kilichowataka watumie kauli ya kutenda, E. B. White alikikuza na kukitoa upya mwaka 1959, na tangu hapo kimesomwa karibu kila mahali Kiingereza kinapofundishwa. Katikati ya miaka hiyo wapo Waingereza wawili wanaotuhusu zaidi. Wa kwanza ni George Orwell, aliyekuwa polisi wa dola ya Kiingereza katika Burma kuanzia 1922 hata 1927, na ambaye mwaka 1946 aliandika insha mashuhuri juu ya siasa na lugha. Alishauri kwamba kauli ya kutendwa isitumike mahali ambapo ya kutenda inafaa. Lakini shauri hilo lilikuwa tawi tu. Shina lake lilikuwa hoja kwamba lugha ya ukungu hutumika kulinda matendo ambayo yangesemwa waziwazi yasingetetewa, na mfano mmoja wake ulikuwa wa wakulima wanaonyang'anywa mashamba na kuswagwa barabarani na vitu vyao mikononi, kisha jambo hilo likapewa jina zito la kiofisi kama kwamba ni hesabu ya vichwa. Wa pili ni Sir Ernest Gowers, mtumishi mkubwa wa serikali, ambaye Hazina ya Uingereza ilimwomba awatungie maofisa kitabu cha kuwafundisha kuandika maneno ya wazi. Kitabu kilitoka mwaka 1948.

Basi shauri hili halikutungwa kwa ajili ya watu wa mashairi. Orwell aliijua lugha ya ofisi ya dola kwa kuwa aliwahi kuitumikia, na Gowers aliwaandikia watu ambao barua yao humfikia mtu asiye na uwezo wa kujibu. Katika miaka hiyohiyo, huko Utete, makao ya wilaya ya Rufiji, maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika taarifa zao na kuzijaza katika kitabu cha wilaya. Ofisi ina sababu ya kupenda kauli ya kutendwa. Ofisa akiandika kwamba kodi imeongezwa, au kwamba shamba fulani limefungwa, amri huonekana kuwa haikutoka kwa mtu mwenye jina, bali imeshuka kama mvua. Atakayelalamika hajui amwendee nani.

Narudi Mohoro. Tukiuliza nani alimnyonga Kinjikitile, jibu jepesi ni Wajerumani. Lakini swali halikomi hapo, kwa maana swali la mtenda likishaingia mlangoni huvuta ndugu zake wote. Wajerumani walimnyonga kwa nini? Kwa kuwa aligawa dawa ya maji na kuwavuta watu wengi kwenda Ngarambe. Watu walikwenda kwa nini? Hapo tunafika kwenye pamba. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za kusini ya pwani, na watu walilazimishwa kuyalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Vitabu husema pamba ililimwa. Aliyelima ni mtu ambaye mpunga wake mwenyewe ulikuwa ukiliwa na ndege wakati yeye yuko katika shamba la jumbe. Sentensi isiyo na mtenda humficha mkosaji, na katika vazi hilohilo humficha mfanya kazi.

Mfano ulio dhahiri kupita wote uko ndani ya mikoko ya delta yenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo mwaka 1914, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari ndogo za Kiingereza Severn na Mersey, mabaharia wake waliizamisha kwa mikono yao. Habari hii imeandikwa mara nyingi sana kwa Kiingereza, na karibu katika kila sentensi mtenda ni chombo: meli iliingia, meli ilipiga, meli ilingoja. Kisha inasemwa kwamba mizinga yake kumi ilitolewa na kuvutwa mpaka Dar es Salaam. Mzinga wa manowari haujivuti. Wenyeji waliivuta kwa kamba, kwa mabega na kwa miguu, kupita tope na mchanga, na katika habari nyingi za Königsberg hawakupata hata nafasi ya nomino moja.

Mtu aweza kusema kwamba maofisa na mabaharia hawakuwa na haja ya kuandika habari za wenyeji, na kwamba mambo yangebadilika wenyeji wenyewe watakaposhika kalamu. Ni kweli, yalibadilika. Desemba 1956 Julius Nyerere, akizungumza kwa Kiingereza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, aliwataja watu wa vita vya Maji Maji kuwa watu walioinuka kwa wito wa roho zao, si kwa kutishwa wala kwa kiapo cha ushirikina. Katika maneno yake watu ndio watenda. Na mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kusini ili wawahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita hiyo. Mwaka huohuo Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita kwa Kiingereza, na karatasi za wanafunzi zilikusanywa mwaka uliofuata.

Kazi hiyo inastahili heshima kubwa, nami nitaitumia kuonyesha faida ya shauri la Waingereza kabla ya kuonyesha hasara yake. Chukua kisa cha Nandete, katika milima ya Matumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Pamba iling'olewa shambani, na kwa tendo hilo vita vikatangazwa. Kwa macho ya serikali, pamba kung'olewa ni uharibifu wa mali. Wazee walipoulizwa nani aliing'oa, walitoa majina: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliong'oa miche mitatu ya kwanza. Mara tukio likapata sura nyingine. Kung'oa miche mitatu si uharibifu wa shamba, ni barua. Watu wawili wenye majina walitoka mbele ya wenzao na kuipeleka barua hiyo kwa serikali kwa njia ambayo haikuweza kukosewa maana. Bila ya swali la nani, majina yale yangekufa pamoja na wazee wale.

Lakini lipo upande wa pili. Mwanafunzi aliyerudi chuoni na daftari lake alipaswa kuyaandika maneno ya mzee katika Kiingereza chenye mpango: aya moja jambo moja, sentensi ya kwanza itangaze, kitenzi kipate mtenda wake. Na mzee hakusema hivyo. Katika sehemu zile mzee akisimulia vita huanza kwa kusema yeye ni nani, na baba yake alitoka wapi. Atapita katika pamba, atasimama kidogo kwenye njaa, atarudi nyuma kueleza akida alikuwa mtu wa namna gani, na maji yatakuja baadaye, tena bila ya tarumbeta. Mpango huo si utovu wa mpango. Unasema kwamba maji hayakuwa chanzo. Yalifika mahali palipokwisha kuwa pakavu. Kanuni ya Bain, ikitumiwa na mkono usio mwangalifu, huyatoa maji mwisho na kuyaweka mwanzo, kwa sababu maji ndiyo yanayojulikana na msomaji wa Kiingereza, na vita vyote huonekana kuwa vimezaliwa na dawa.

Kadhalika kauli ya kutenda, ikidaiwa kwa nguvu, huzalisha watenda wasiokuwako. Sentensi ya Kiingereza inataka mtu mmoja mbele ya kitenzi, na mtu aliye karibu ni Kinjikitile. Hivyo tunasoma kwamba Kinjikitile aliongoza vita vya Maji Maji. Msomaji atazame tarehe. Miche iling'olewa Nandete mwishoni mwa Julai, na mwanzoni mwa Agosti Kinjikitile alikuwa amekwisha kunyongwa. Vita viliendelea hata 1907, vikafika Ungoni na nchi nyingine za mbali. Kilichotoka Ngarambe kilikwenda kwa miguu ya watu wengi. Wamatumbi walikuwa na neno lao, njwiywila, lenye maana ya habari inayonong'onezwa kutoka sikio hata sikio, na uzuri wa kitenzi cha kunong'onezana ni kwamba hakina mnong'onaji mmoja. Kiungo kile cha *-ana* kinawafanya wote kuwa watenda na watendwa kwa wakati mmoja. Kiingereza kinahitaji maneno matatu au manne kukisema hicho, na mwandishi mvivu huamua kuandika kwamba Kinjikitile alieneza habari. Hapo amelifuata shauri, na amesema uongo.

Hata jina la jambo zima lina mtenda ndani yake. Wajerumani waliliita uasi, na Waingereza wengi waliwafuata. Wanahistoria wa Dar es Salaam walichagua neno la Kiingereza lenye maana ya kuinuka. Wenyeji husema vita. Mwasi yuko chini ya mtu. Mpigana vita yuko mbele ya mtu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake juu ya vita hivi ulichapishwa mwaka 1933 na kutolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley mwaka 1957, alikuwa ametangulia kuiandika habari hii kwa Kiswahili kabla ya chuo chetu kuwako. Nasikitika kwamba wanafunzi wanaotafuta maneno ya kuiandika kwa Kiingereza huanza na vitabu vya Kiingereza, si na yeye.

Kwa habari ya vifo, nitasema kidogo tu. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Gwassa aliikadiria kuwa baina ya 250,000 na 300,000. Wengi wao, husemwa, walikufa kwa njaa. Kitenzi *kufa* hakina mtenda mwingine ila yule anayekufa, na katika Kiingereza ni vivyo hivyo. Lakini mwaka 1905 Kapteni Wangenheim, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliandika kwamba kwa maoni yake ni njaa tu itakayoleta utii wa mwisho, na askari walichoma vyakula na mashamba. Njaa ile ilikuwa na mkono. Anayeandika kwamba walikufa ameeleza miili yao. Anayeandika kwamba Wajerumani waliwaua kwa njaa ameeleza historia. Hapa shauri la Waingereza ni la kweli kabisa, tena halitoshi kuwa shauri la mtindo.

Tuje upande wa kwetu, maana ingekuwa rahisi mno kuwahoji Wajerumani tu. Mwaka 1968 Rufiji ilipata mafuriko makubwa, na baada yake serikali huru ya Tanzania ilianza operesheni ya kuwatoa watu bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu, hasa kaskazini ya mto. Katika maandishi ya Kiingereza juu ya jambo hilo mtu huona tena na tena kwamba wakazi walihamishwa, au kwamba uhamisho ulifanyika. Nisieleweke vibaya. Serikali ilikuwa na sababu: maji yalikuwa hatari, na shule, zahanati na visima ni rahisi kuvipeleka mahali palipo na watu wengi pamoja. Lakini uhamisho ni nomino, na nomino ina tabia ya kumeza watu. Ndani ya nomino hiyo wamo waliohama kwa hiari kwa kuwa nyumba zao zilikwisha kwenda na maji. Wamo waliohama kwa kuwa mwenyekiti amesema. Na wamo ambao hawakutaka kabisa. Kiswahili kinawatenganisha watu hawa kwa kiungo kimoja au viwili: *walihama*, *walihamishwa*, *walijihamisha*. Mwandishi akishaandika uhamisho, wote wamekuwa kitu kimoja.

Tena kuna jambo ambalo nomino hiyo haikuweza kulimeza. Watu wa bonde la Rufiji hulima mlau, yaani mazao yanayopandwa katika udongo unyevu mto unapoteremka baada ya kufurika, na wakati wa kulinda mpunga hukaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Vijiji vikawa juu na udongo ukabaki chini. Kwa hiyo wengi waliendelea kuteremka bondeni na kulala madunguni kwa majuma mengi. Taarifa iliyoandika kwamba watu wamehamishwa ilikuwa sahihi kwa nyumba na si sahihi kwa majembe.

Sasa nafika Kibiti, na hapa naomba msomaji aniwie radhi ikiwa nitakwenda polepole. Sehemu kubwa ya delta leo imo katika wilaya ya Kibiti, iliyogawanywa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mara baada ya hapo, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, yalitokea mauaji ya viongozi wa vijiji, ya wanachama wa chama tawala na ya askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja katika Kibiti. Magazeti yaliandika, na watu walisema, kwamba waliuawa na *watu wasiojulikana*. Maneno hayo mawili yalienea nchi nzima, yakawa kama jina la kabila.

Mwanafunzi wa sarufi ayatazame. Sentensi isemayo kwamba watu wasiojulikana walimwua mwenyekiti wa kijiji ina mtenda, naye yuko mahali pake mbele ya kitenzi. Strunk hana la kusahihisha. Lakini mtenda huyu ni nguo bila ya mtu. Na kitenzi kilichofichwa ndani ya jina lake, *kujulikana*, ni cha ile kauli ambayo humwondoa mjuzi: hawajulikani, lakini hawajulikani na nani? Na mjane? Na jirani aliyesikia sauti? Na aliyewatuma? Kiingereza kilipoyachukua maneno hayo kwa ajili ya magazeti ya nje kilifanya vivyo hivyo, kwa kuweka kiambishi cha kukanusha mbele ya neno la kujua, na jambo likasafiri hivyo duniani. Basi kauli ya kutenda peke yake si dawa. Yaweza kushikwa kwa herufi na kuvunjwa kwa maana.

Miongoni mwa walioandika habari za mauaji hayo alikuwako Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Kibiti aliyeyaandikia magazeti ya *Mwananchi* na *The Citizen*. Mara ya mwisho alionekana tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, alipohojiwa na BBC kwa Kiingereza alimtaja kuwa miongoni mwa watu wa Rufiji waliotoweka na kufa. Baada ya maneno hayo kuzua maswali, ilielezwa kwamba yalifahamiwa visivyo na kwamba waziri hakuwa amethibitisha kifo. Sitaki kuhukumu hapa nia ya msemaji. Nataka tutazame vitenzi viwili vya Kiingereza vilivyotumika, kutoweka na kufa. Vyote viwili viko katika kauli ya kutenda. Vyote viwili vina mtenda, naye ni Azory. Kwa kipimo cha kitabu cha mtindo ni sentensi safi, fupi na yenye nguvu, na ndani yake mtu aliyetendwa ndiye aliyegeuzwa kuwa mtendaji wa kupotea kwake.

Kiingereza chenyewe kimeuona upungufu huu. Kwa karne nyingi kitenzi chake cha kutoweka hakikukubali kirahisi kuwa na mtendwa: mtu hutoweka, hatowekeshwi. Ilipotawala serikali ya kijeshi katika Argentina kuanzia 1976 hata 1983, na maelfu ya watu wakachukuliwa wasionekane tena, Waargentina waliwaita kwa Kihispania *desaparecidos*, na waandishi wa Kiingereza walijikuta wanahitaji kusema kwamba mtu fulani ametowekeshwa na watu fulani. Sarufi yao ilipinda kidogo ili kuipokea habari hiyo, na mpaka leo matumizi hayo husikika katika masikio ya wengi kama kosa lililofanywa makusudi.

Mwanafunzi wa Kibiti hakuhitaji kungoja Argentina. Lugha yake ina *kupotea*, ambapo hakuna mwingine ila aliyepotea. Ina *kupoteza*, ambapo yupo aliyepoteza. Ina *kupotezwa*, ambapo yupo mwingine ijapokuwa hakutajwa. Na ina *kupotezwa na*, ambapo jina linadaiwa, na mahali pake pakiwa patupu kila mtu anapaona. Ngazi hii ya vipandio vinne anaipanda tangu utotoni bila ya kufikiri. Lakini akiingia darasani na kuandika kwa Kiingereza, aghalabu huiacha mlangoni pamoja na viatu, kwa sababu ameambiwa kwamba kuna kutenda na kutendwa tu, na kwamba la kwanza ni zuri na la pili ni baya. Hufika akachukua kitenzi cha Kiingereza kilicho karibu, nacho humwamulia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliamua. Ndiyo maana wanafunzi ninaowasomea rasimu za historia nimekuwa nikiwaomba waandike kwanza, pembeni, vitenzi vya shahidi kwa lugha ya shahidi, viwe vya Kiswahili, Kindengereko au Kimatumbi, pamoja na viungo vyake vyote, kabla ya kuandika neno moja la Kiingereza. Wengine huona ni kazi mara mbili. Ni kweli, ni kazi mara mbili.

Wala si kila mara jibu la swali la nani ni mtu. Katika bonde la Rufiji maji yana haki ya kuwa mtenda. Mkulima wa mlau husema maji yamekuja, maji yamepanda, maji yamerudi, kama asemavyo juu ya mgeni ambaye desturi zake anazijua, na mgeni huyo akikosa kufika mwaka huwa mbaya. Mwanafunzi anayemlazimisha mkulima huyo amtaje mtenda mwingine nyuma ya maji atakuwa anamsahihisha mtu aliyesema sawa. Ama katika miaka yetu jambo limekuwa gumu zaidi. Huko juu, penye korongo la Stiegler, limejengwa bwawa la Julius Nyerere la kutoa umeme wa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022. Mwaka 2024 mafuriko yaliingia katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mvua kubwa, wala si bwawa. Miongoni mwa wakazi walikuwako waliolitaja bwawa. Maji yalikuja, au maji yaliletwa, au maji yalifunguliwa: vitenzi vitatu, na kila kimoja kina kesi yake.

Atakayeandika habari hizo kwa Kiingereza kwa ajili ya shahada yake asikichague kitenzi akiwa Mlimani. Atafute kwanza vipimo vya mvua ya miezi ile katika nchi za juu, na siku na saa ambazo milango ya bwawa ilifunguliwa na kufungwa. Kisha ateremke mpaka Mohoro, avuke aende katika vijiji vya delta, awaulize watu maji yaliwafikia siku gani, usiku au mchana, na ni nani aliyetangulia kuwaambia kwamba yanakuja.